Hii Anwani Imetoka Wapi? Soma Anwani za Kompyuta Yako Kabla ya Kuingiza PIN

Kwa mawakala wetu na wenye maduka wa Likoni, Kisauni na Changamwe. Somo la leo limetokana na simu mbili tulizopigiwa.

Simu ya kwanza ilitoka kwa wakala wa Mtongwe, saa mbili asubuhi, foleni ya wateja ikiwa mlangoni. Laptopu yake ilikuwa imekataa intaneti. Kijana wa jirani alipoichungulia akakuta anwani inayoanza na 169.254. "Hii si anwani ya waifai yako," akamwambia, "umeingiliwa." Fundi akaitwa, akataka shilingi 3,000 afute kila kitu kwenye kompyuta. Duka likafungwa siku nzima. Kumbe kebo ya ruta ilikuwa imetafunwa na panya.

Simu ya pili ilitoka kwa mwenye saiba wa Changamwe. Kwake kila kitu kilikuwa kinafanya kazi vizuri. Aliandika jina la tovuti yetu ya mawakala kama kawaida, brauza ikamtolea onyo, naye kwa kuwa alikuwa na haraka akabonyeza kuendelea. Ukurasa uliofunguka ulifanana na wetu kabisa. Akaingiza paswadi, akaingiza na PIN. Alipotupigia, floti ilikuwa imeshaanza kutoka. Tuliifunga akaunti kabla haijaisha, lakini kilichotoka hakikurudi chote.

Wa kwanza aliogopa kitu kisichokuwa na madhara. Wa pili hakukiogopa kilichokuwa na madhara. Wote wawili wangejisaidia wenyewe kwa kusoma tarakimu chache zilizokuwa ndani ya vifaa vyao. Ndiyo maana leo tunataka kujifunza mambo matatu:

1. Kuziona anwani za kompyuta yako.
2. Kuzitofautisha anwani ngeni zisizo na ubaya na ile inayoweza kukuharibia.
3. Kujua la kufanya kwanza ukiwa na shaka, ili pesa ziwe salama kabla ya kompyuta.

Huhitaji kuwa fundi. Twende pole pole.

Anwani ya IP ni nini?

Fikiria ploti ya kupangisha pale Kisauni, ina vyumba kumi na geti moja. Ndani ya ploti, chumba nambari 5 kinajulikana na kila mtu. Lakini ploti ya jirani nayo ina chumba nambari 5, na ya tatu pia. Ukimwambia mtu wa boda "nipeleke chumba nambari 5, Kisauni," hamfiki popote. Lazima umtajie ploti kwanza.

Kompyuta zako ziko vivyo hivyo. Ruta ndiyo geti. Ndani ya geti, kila kifaa kina nambari yake ya chumba, nayo inaitwa anwani ya ndani. Nje, dunia nzima inaiona anwani moja tu, ile ya ploti, ambayo ni anwani ya nje. Ruta hupokea mizigo yote getini, kisha humpa kila mpangaji wake.

Kwa nini ikawa hivi? Anwani za mtindo wa zamani, zile za nambari nne zenye nukta katikati, zote duniani hazizidi bilioni 4.3. Hazitoshi simu, laptopu na televisheni zote zilizopo. Kwa hiyo mwaka 1996 mafungu matatu yaliwekwa rasmi kwa matumizi ya ndani, na mtu yeyote anaruhusiwa kuyatumia bila kuomba:

- Zinazoanza na 192.168
- Zinazoanza na 10
- Zinazoanza na 172, nambari ya pili ikiwa kati ya 16 na 31

Ukiona mojawapo ya hizi kwenye kompyuta yako, jua unasoma nambari ya chumba. Duka lako la Likoni na ofisi fulani kule Japani zinaweza kuwa na 192.168.1.5 wakati mmoja, na hakuna anayemwingilia mwenzake.

Jinsi ya kuziona

Kwenye kompyuta ya Windows:

1. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows, andika cmd, kisha bonyeza Enter. Kitafunguka kidirisha cheusi.
2. Andika ipconfig /all na ubonyeze Enter.
3. Tafuta mistari mitatu: "IPv4 Address" (nambari ya chumba chako), "Default Gateway" (geti, yaani ruta yako) na "DNS Servers" (tutaieleza huko mbele, na ndiyo yenye uzito kuliko zote).

Ukiona mafungu mengi ya maandishi, usishtuke. Kompyuta huorodhesha kila njia iliyonayo ya kuingia mtandaoni, hata zile ambazo hazitumiki. Angalia lile fungu lenye "Default Gateway" iliyojazwa. Mara nyingi hilo ndilo unalotumia sasa.

Siku ambayo kila kitu kiko sawa, piga picha ya skrini hiyo kwa simu na uihifadhi. Picha hii itakufaa kuliko maelezo yetu yote, kwa sababu siku ya shida utakuwa na cha kulinganisha nacho.

Anwani ngeni zisizo na ubaya

Hizi ndizo tunazoulizwa sana.

169.254... Kompyuta iliiomba ruta nambari ya chumba, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Hakuna mtu aliyeingia. Wewe ndiye umefungiwa nje. Angalia kebo, zima ruta uiwashe tena, kisha jiunge upya na waifai. Ikikataa, andika ipconfig /release, halafu ipconfig /renew. Dada yetu wa Mtongwe angejua hivi tu, asingepoteza siku.

127.0.0.1 Hii ni kompyuta ikijirejelea yenyewe. Programu zilizo ndani ya mashine moja huongea kupitia hapa, na mazungumzo hayo hayatoki nje ya mashine.

192.168.43... ama 172.20.10... Stima imepotea, ruta imezima, umewasha hotspoti ya simu ili wateja wasikimbie. Sasa simu yako ndiyo geti, na geti jipya hutoa nambari mpya. Simu nyingi za Android zilizoea fungu la kwanza, ingawa za siku hizi hubadilisha. iPhone hutumia la pili.

192.168.56.1 Mara nyingi hii huletwa na VirtualBox, programu ya kuendesha kompyuta ndani ya kompyuta. Kama nyumbani kuna kijana anayesomea kompyuta chuoni na huazima laptopu yako jioni, muulize yeye kwanza.

192.168.137.1 Windows yenyewe imewashwa kugawa intaneti kwa wengine. Si wizi wa akaunti, lakini kama hukuiwasha wewe, izime. Huenda kuna mtu anakula bando lako.

Ndefu zinazoanza na fe80 Hii ni anwani ya ndani ya mtindo mpya, ule wa IPv6. Kila kompyuta ya kisasa inayo.

Kati ya 100.64 na 100.127 Utaiona ukifungua ukurasa wa ruta, upande wa nje. Maana yake kampuni inayokupa intaneti imewaweka wateja wengi nyuma ya geti moja kubwa zaidi. Ni kama mtaa mzima wenye ploti nyingi kutumia barabara moja ya kutokea. Fungu hili lilitengwa kwa kazi hiyo mwaka 2012.

"Mbona inasema niko Nairobi, na mimi niko Likoni?"

Swali hili tunaletewa kila wiki. Umeingia kwenye akaunti yako, ukapata ujumbe kwamba kuna mtu ameingia kutoka Nairobi, nawe hujavuka hata feri.

Anwani ya nje haijui nyumba yako iko wapi. Imeandikishwa kwa jina la kampuni inayokupa intaneti, na tovuti zinazokisia mahali hutazama kampuni hiyo imeandikishwa wapi ama mtandao wake unatokea wapi. Kampuni nyingi zina makao Nairobi, basi wewe wa Timbwani unaitwa mtu wa Nairobi.

Kuna na wanaoona Mauritius wakadhani wameingiliwa kutoka ng'ambo. Shirika linalogawa anwani za IP kwa bara letu, AFRINIC, lina makao yake Ebène, Mauritius. Anwani zinazoanza na 41, 102, 105 ama 197, na zile ndefu zinazoanza na 2c0f, zimetoka kwenye mafungu yake. Ukizitafuta mahali pasipo na taarifa kamili, jibu linaishia kwa mgawaji badala ya kufika kwa aliyepewa. Pia kama umeweka programu ya VPN, hasa zile za bure, unaweza kuambiwa uko Uholanzi huku umekaa Magongo. Kwa kazi ya pesa, zima VPN ya bure. Unakuwa unapitisha mizigo yako yote kwa geti la mtu usiyemjua.

Kwa hiyo ukipata ujumbe wa kuingia kwenye akaunti, usiangalie mji peke yake. Jiulize maswali matatu pamoja: Je, saa ile nilikuwa nimeingia? Je, kifaa kilichotajwa ni changu? Je, anwani ni ile ninayoijua? Mji ukiwa tofauti lakini saa na kifaa ni vyako, mara nyingi ni wewe mwenyewe. Saa ama kifaa kikikataa, tupigie hapo hapo.

Anwani inayogusa pesa: DNS

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo.

Ukiandika jina la tovuti, kompyuta haijui iko wapi. Inauliza seva inayoitwa DNS, nayo inajibu kwa anwani ya nambari. Ni kama kushuka Changamwe usiku na kumuuliza mtu njia. Akiwa mkweli, utafika. Akiwa mwongo, atakupeleka nyumba nyingine iliyopakwa rangi ile ile, nawe utagonga mlango kwa moyo mweupe.

Jambo hili limeshatokea duniani kwa ukubwa wa kutisha. Novemba 2011, FBI ya Marekani ilitangaza kuvunja genge lililotumia virusi vilivyoitwa DNSChanger. Virusi hivyo vilibadilisha anwani za DNS kwenye kompyuta zaidi ya milioni 4, katika nchi zaidi ya 100. Wenye kompyuta hawakuona kitu, kwa sababu intaneti iliendelea kufanya kazi. Virusi hivyo vilijaribu pia kuingia kwenye ruta ambazo paswadi yake ilikuwa ile ile ya kutoka dukani. Seva za wahalifu zikabadilishwa na seva safi ili watu wasikatikiwe ghafla, na tarehe 9 Julai 2012 hizo nazo zikazimwa. Waliokuwa hawajasafisha kompyuta zao ndipo wakagundua.

Mwenye saiba wetu wa Changamwe aliangukia mlango huo huo wa ruta. Paswadi yake ilikuwa admin, na jina la kuingilia pia admin. Kwenye saiba, ambapo watu kumi wasiojuana hukaa kwenye mtandao mmoja, hilo ni sawa na kuning'iniza ufunguo nje ya geti.

Hivi ndivyo unavyokagua:

1. Kwenye ipconfig /all, soma mstari wa "DNS Servers". Ukiona anwani ile ile ya ruta yako, kompyuta iko sawa, lakini usiishie hapo. Inamaanisha kompyuta inaiuliza ruta, na ruta nayo kuna inayemuuliza.
2. Andika anwani ya "Default Gateway" kwenye brauza, uingie kwenye ruta, kisha utafute DNS upande wa intaneti.
3. Linganisha. Zinazojulikana ni kama 8.8.8.8 na 8.8.4.4 za Google, 1.1.1.1 ya Cloudflare na 9.9.9.9 ya Quad9. Nyingine itakuwa ya kampuni inayokupa intaneti. Wapigie huduma kwa wateja uwasomee nambari, waseme kama ni yao.
4. Ikiwa si yao, si ya hizo zinazojulikana, na wewe hukuiweka, chukulia umebadilishiwa.
5. Hata kama kila kitu kiko sawa, badilisha paswadi ya ruta leo. Ya kuingilia kwenye ruta ni tofauti na ya waifai. Badilisha zote mbili.

Na lile onyo la brauza? Mwongo wa njia anaweza kukupeleka nyumba nyingine, lakini hawezi kuonyesha cheti halali chenye jina la tovuti yetu. Brauza inapokuambia cheti hakilingani, inakuambia mwenye nyumba si yule uliyemtaka. Kwenye tovuti ya pesa, onyo hilo halirukwi hata siku moja. Lakini kutoona onyo pia si ruhusa ya kulala. Mwizi anaweza kutengeneza tovuti ya jina linalokaribiana na letu, akapata cheti halali cha jina hilo lake. Soma jina lote, herufi kwa herufi.

Anwani za nje zinazoongea na kompyuta yako

Wengine hupenda kuchungulia zaidi kwa kuandika netstat -ano. Skrini inajaa anwani za kigeni, na hapo roho huruka. Tulia. Brauza ikiwa na kurasa tano wazi, inaongea na seva nyingi, zilizoko nchi mbalimbali. Anwani zinazoishia na :443 kwa kawaida ni tovuti zilizofungwa kwa usalama.

Badala ya kuhangaika na nchi, uliza ni programu gani inayoongea. Chukua nambari iliyo mwisho wa mstari, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda "Details", uitafute nambari hiyo. Ukikuta ni brauza yako, sawa. Ukikuta programu ya kuendesha kompyuta kwa mbali, kama AnyDesk ama TeamViewer, na wewe hujampa mtu ruhusa, hapo kuna jambo. Vivyo hivyo ukiona mstari wenye neno ESTABLISHED na anwani ya kompyuta yako ikiishia na :3389. Ni njia ya Windows ya kumruhusu mtu akae mbele ya mashine yako akiwa mbali.

Programu hizo si mbaya zenyewe, mafundi wa kweli huzitumia. Lakini sisi hatutakuomba uiweke ili "tukurekebishie akaunti". Anayekuomba hivyo kwa jina letu si wetu.

Ukiwa na shaka, anza na pesa

Wengi huanza kupambana na kompyuta huku floti ikiendelea kuchirizika. Fuata mpangilio huu:

1. Chomoa kebo ya mtandao ama zima waifai. Usizime kompyuta, na usifute kitu.
2. Chukua simu, iondoe kwenye waifai hiyo, utumie bando lako. Angalia salio kwa ile menyu ya simu isiyohitaji intaneti. Menyu hiyo haipiti kwenye DNS wala kwenye ruta yako.
3. Tupigie kwa nambari iliyo kwenye mkataba wako wa uwakala, si ile uliyoipata sasa hivi kwenye tovuti. Sema, "Nifungieni akaunti, nina shaka." Hatutakucheka hata ikiwa ni panya.
4. Badilisha paswadi na PIN ukitumia kifaa kingine na mtandao mwingine.
5. Piga picha za skrini: anwani, DNS, saa. Ukiwa umeibiwa, ripoti polisi. Kenya ina sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni tangu 2018, na kitengo cha KE-CIRT kilichoko Mamlaka ya Mawasiliano hupokea ripoti kama hizi. Bila ushahidi, kesi haina miguu.
6. Ndipo uite fundi. Akisema "tufomati" kabla hajaiangalia anwani hata moja, muulize ameona nini.

Jipime

a) Asubuhi stima imerudi, laptopu inaonyesha 169.254.10.7. Umeingiliwa?
b) Ujumbe unasema umeingia kutoka Nairobi saa nne asubuhi, kwa laptopu yako. Saa nne ulikuwa dukani Mlaleo ukifanya kazi. Ufanye nini?
c) Kompyuta inaonyesha DNS ni 192.168.1.1, ambayo ni ruta yako. Ukaguzi umeisha?
d) Ukurasa wetu umefunguka vizuri, ila brauza imesema cheti hakilingani, na mteja anakuharakisha. Utafanyaje?

*Majibu:* a) Hapana. Ruta haijajibu, anza na kebo. b) Saa ni yako na kifaa ni chako. Iandike anwani hiyo uijue, uendelee na kazi. c) Bado, ingia kwenye ruta. d) Funga ukurasa, mhudumie mteja kwa simu. Akikasirika kwa dakika mbili, ni nafuu kuliko floti ya siku nzima.

Jioni ya leo kabla hujafunga duka, fanya mambo mawili tu: piga ile picha ya ipconfig /all, na ubadilishe paswadi ya ruta. Ukikuta anwani ambayo hatujaitaja hapa, tutumie picha yake kupitia huduma kwa wateja tuisome pamoja. Ila hakikisha PIN haimo kwenye picha. Hata sisi hatuitaki.